Mzinga wa Thelathini na Saba

Meza yangu iko barazani, Mahakama ya Mwanzo, Sikonge,
mguu mmoja nimeuwekea kigae.
Nauza karatasi, mkono wa kuandika
na masikio, hayo bure.
Jumatatu hawaji watu. Huja maswali.

“Hatukufunga bomani. Nina ndoa mimi?”
Mmekaa miaka mingapi?
Ikivuka miwili, na sokoni wanakuita mke wa fulani,
sheria itakudhania mke
mpaka mwenzio alete ushahidi wa kuipinga.

“Akikataa kuja?”
Baraza la usuluhishi litamwita.
Akikataa tena, litaandika kwamba amekataa.
Hata kukataa kuna mhuri wake.

“Na watoto?”
Aliye chini ya saba, hudhaniwa heri abaki kwa mama.
Hudhaniwa tu, shika neno hilo.
Hakimu humtazama mtoto, hatazami hasira zenu.

“Ng’ombe wa mahari?”
Hapo baba mtu, aliyekaa ngazini,
huanza kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka.
Nakohoa. Hilo, nasema, mkaliulize ndani.

Kalunde alifika saa nane, kwa baiskeli, kutoka Ipole.
Hakulia. Alitoa fomu namba tatu
imekunjwa mara nne, inanuka moshi:
usuluhishi umeshindikana,
kwa mwandiko wa mwenyekiti unaoteremka kama mgonjwa.

Mali mliyochuma pamoja?
“Mizinga.”
Nyumba?
“Ya babake. Mizinga, nimesema.”

Ntundu, mumewe, alishaleta orodha yake juzi,
niliiandika kwa mkono huu huu:
mizinga thelathini na sita, yote yangu,
niliichonga mwenyewe.

“Alichonga, sikatai,” alisema Kalunde.
“Nani aliibeba?
Tulilala njiani mara mbili kabla ya kufika kambini.
Nani alikamua, akachuja, akachemsha nta,
akasonga ugali wa watu watano
na mtoto mgongoni, moshi machoni mwetu sote wawili?
Hayo nayo yana risiti?”

Kalamu ikanigomea.
Miaka kumi na minne mezani hapa
najibu kabla swali halijafika mwisho,
na hili likanikuta sijajiandaa.
Nikamwambia lililo kweli: kazi ya mikono yako
ni mchango, ya jikoni na ya porini.
Risiti acha. Leta mashahidi.

Akatazama viganja vyake, akavigeuza.
“Nyuki watakubali kuapa?”
Tukacheka mpaka mlinzi akatukemea:
hapa si mahali pa kucheka.

Tukaendelea. Wa kwanza, wa pili,
kila mzinga na mti wake, alivijua kama majina ya wajukuu:
huu uko kwenye myombo uliopigwa radi,
huu siafu waliuhamisha watu,
huu una asali nyeusi, chungu kidogo, wanunuzi hawaitaki,
mimi ndiyo naipenda.
Nikafika thelathini na sita nikapiga mstari.

“Mmoja umebaki.”
Mumeo hakuutaja.
“Hakuutaja kwa sababu ni mtupu.
Tuliutundika wiki ile tuliyomzika Mihambo.
Mwaka wa tisa huu, hakuna nyuki aliyetua.”

Mama, nikasema, na sauti yangu nikaisikia
ikiwa ya karani mno,
mahakama hugawa chenye thamani.

“Andika.”

Nikaandika: mzinga mmoja, mtupu, juu ya mninga.

Akaomba nimsomee. Nikamsomea.
“Futa mtupu,” akasema.
“Weka bado.”

Nikafuta. Karatasi ikachanika kidogo pale pale.
Nikampa nyingine, hakuitaka.
Akalipa sarafu zilizokuwa na nta,
akaketi ngazini kungoja jina lake,
kando ya yule baba na viatu vyake,

na aliyemfuata akavuta kiti:
“Hatukufunga bomani,” akaanza.